Mashine ya Inchi Hamsini na Nne

Kaka yangu alinipigia simu kutoka Marekani Jumapili moja asubuhi, nikiwa nimeketi uani kwa mama nikisahihisha insha za kidato cha pili, akaniuliza boma letu lina nyasi kiasi gani. Hakuuliza habari za chai wala za mvua. Alisema anataka kututumia mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia na kuendesha kama trekta, na kwamba mashine hizo hazinunuliwi ovyo ovyo kama sufuria. Kuna ndogo na kuna kubwa. Ukinunua ndogo kwa uwanja mkubwa utazunguka nayo hadi jua lizame, na ukinunua kubwa kwa uwanja mdogo hutapata hata pa kuigeuzia. Kwa hiyo alitaka nimjibu mambo matatu tu: ukubwa wa eneo la nyasi, mteremko wa ardhi, na upana wa lango.

Nimefundisha Kiswahili hapa Gesima kwa miaka mingi, na kalamu yangu nyekundu imewaumiza watoto wengi kwa kosa la kutojibu walichoulizwa. Mimi niliulizwa maswali matatu ambayo hata mtoto wa darasa la nne angeyamudu. Nikayakosa yote, tena kwa makusudi.

Inabidi nieleze ardhi yetu ilivyo. Huku kwetu shamba halilali, linaning'inia. Letu linaanzia barabarani juu na kuteremka hadi kwenye kijito, na ukiangusha chungwa mlangoni mwa mama utalikuta kijitoni. Tulikuwa na pahali pamoja tu palipo tambarare, kule juu kando ya barabara, ambapo baba alikuwa akilisha ng'ombe na sisi tukicheza mpira wa matambara. Kabla hajafa baba alituchukua sisi wawili, wanawe wa pekee, akapanda miti miwili ya mpaka na kusema kwamba pale juu ni pa mkubwa na huku chini ni pangu. Mkubwa alikuwa na safari mkononi. Aliniambia, "Pangu paache pawe nyasi. Nikirudi nitajenga."

Kwetu sehemu ya aliyesafiri haihitaji ua wala askari. Inalindwa na aibu ya ndugu aliyebaki. Yangu ilidumu misimu kadhaa, halafu ikaanza kuchoka. Kwanza nilipanda mahindi, nikajiambia ni ya msimu mmoja tu, ardhi isilale bure. Kisha nikapanda nepia kwa ajili ya ng'ombe wa mama, na nani angenilaumu kwa kumlisha ng'ombe wa mama? Kisha nikapanda chai. Mahindi huvunwa na nepia hukatwa, lakini chai ukishaipanda umeoa. Mizizi ilikamata, vichaka vikafungana, na kila alipopiga simu nilikuwa na habari nyingine ya kumpa. Miaka ikapita hivyo.

Nyasi zilizobaki, basi, zilikuwa kipande kilichokuwa mbele ya nyumba ya mama. Upande wa kulia palikuwa na kaburi la baba, lililojengewa kwa saruji. Nyuma palikuwa na jiko, kamba ya nguo na migomba. Hayo ndiyo malisho yaliyokuwa yakiandaliwa trekta.

Siku ile ya simu mama alikuwa hapo kando yangu akichambua maharagwe, na sauti nilikuwa nimeifungulia ili naye asikie. Kaka alisema bado anaukumbuka ule uwanja wetu wa mpira. Kwa makisio yake, ukijumlisha na mbele ya nyumba, zilikuwa kama eka mbili, ama?

"Kama eka mbili," nikasema.

Akauliza mteremko. Nikasema si mkubwa. Akauliza lango. Nikasema linapitisha lori. Mkono wa mama ulisimama ndani ya ungo. Simu ilipokatwa hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Utamwambia lini?"

Nikamjibu kwamba nitamwambia kabla hajanunua. Nilikuwa nimemaanisha. Jioni ile dhamiri ilinisukuma nikachukua kamba ya kupandia chai, ile yenye mafundo ya kuonyesha pa kuchimba mashimo, nikaanza kupima nyasi za kweli. Nilipima kutoka ukingo wa kaburi la baba hadi jikoni, kutoka jikoni hadi langoni. Hesabu ilikuwa ya kusikitisha, kwa hiyo nikaendelea hadi upande wa kushoto wa nyumba. Kwetu mwanamume huzikwa kulia na mwanamke kushoto, na hakuna asiyejua ule upande wa kushoto ulikuwa ukimngoja nani. Mama alinitazama kutoka kizingitini.

"Umepima hadi pangu?" akauliza.

Nikamwambia kwamba kwa sasa pako ni nyasi tu kama kwingine. Alicheka, nami nikacheka, kisha nikakunja kamba. Pamoja na pake, haikufika hata nusu ya robo eka.

Kaka alipopiga tena alikuwa ameshasoma na kulinganisha. Alitueleza kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu aondoke. Mashine hupimwa kwa upana wa visu, alisema. Ya inchi thelathini hupita katikati ya miti na vichochoro. Ya arobaini na mbili ni ya watu wa kawaida. Kwa eka mbili tambarare, bila vizuizi vingi, mtu mwenye akili huchukua ya inchi hamsini na nne. Kule alikopanga nyumba yeye mwenyewe hutumia ndogo ya kusukuma kwa mikono, na hiyo ndiyo saa yake ya raha kila Jumamosi.

"Jumamosi?" mama akauliza. Alikuwa shemasi wa kanisa letu la Sabato, na tangu tuzaliwe, jua likishazama Ijumaa hatujawahi hata kupasua kuni.

"Jumapili, mama," kaka akasema haraka. "Nimekosea."

Nilitabasamu, nikaona kumbe mwongo hakuwa mimi peke yangu. Na kwa sababu uongo wake ulinilegeza kidogo, nikasema kwamba hata mashine ndogo ingetufaa. Huo ndio ulikuwa mlango wangu. Laiti angenyamaza, au angeuliza kwa nini, ningeupita. Lakini alicheka, akasema kwamba mimi tangu utotoni nilizoea kutosheka na kidogo, ndiyo maana nilibaki.

Sitasema kwamba hakukusudia ubaya. Labda hakukusudia. Ila niliyekuwa nikimpeleka mama kliniki kwa pikipiki kwa ajili ya presha ni mimi, niliyemzika baba ni mimi, na yeye akitazama mazishi kwenye simu. Hasira ilinipanda, nikafunga mdomo. Nikasema moyoni, tuma basi, tuma kubwa upendavyo. Sijawahi kunyamaza vibaya zaidi ya siku ile.

Kabla ya hapo alikuwa amemwahidi mama kwamba Desemba atakuja. Wiki chache baadaye alisema Desemba haitawezekana tena, kazi zimembana, lakini mashine itaingia kwenye kontena pamoja na mizigo ya Wakisii wengine wa kule. Mama alipokea vizuri. Aliwaambia akina mama wa kanisani kwamba mtu hatangulizi kiti chake mahali asikokusudia kukaa.

Ilifika baada ya miezi mingi. Lori liliileta kutoka Mombasa hadi Kisii mjini, na kutoka Kisii ikapandishwa kwenye pikapu, imefungwa kamba kama ndama anayepelekwa sokoni. Ilikuwa nyekundu, ina taa mbele, na sehemu ya visu ilitokeza huku na huku kuliko magurudumu yenyewe. Langoni haikupita. Lango langu la kupitisha lori lilikuwa na kipimo cha ng'ombe mmoja na mchungaji wake. Ilibidi nimwite fundi wa kuchomelea kutoka Nyakoe, akang'oa nguzo moja na kuisogeza kando hatua mbili, na mama akaamuru migomba miwili iliyokuwa njiani ikatwe. Mmoja ulikuwa na mkungu bado mchanga. Nilimwambia tungoje ukomae. Akasema ndizi zitaota nyingine.

Nilijaribu kuiendesha Jumatatu, shule zikiwa zimefungwa, na majirani wakajipanga barabarani. Nilikwenda mbele sawasawa hatua kumi hivi. Halafu boma likaisha. Nikageuza usukani kabla sijaingia jikoni, nikashuka kwa ubavu wa mteremko, mashine ikaanza kuteleza juu ya nyasi zenye umande, nami nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Ilisimama ilipogonga kaburi la baba. Kipande cha saruji pembeni, kikubwa kama mkate, kilimeguka na kuanguka.

Walionitazama hawakucheka. Kama ingekuwa jiko ningechekwa hadi leo. Mama alikuja taratibu, akaokota kile kipande, akakirudisha mahali pake ingawa hakikukaa. Akasema, "Izime. Mwache baba yako alale."

Tuliisukuma hadi nyuma ya jiko tukaifunika turubai. Nilidhani sasa mama ataniambia nipige simu, na ningepiga, nilikuwa nimeaibika vya kutosha. Lakini alisema jambo jingine. Alisema nisimwambie kaka kwamba haifai, asije akavunjika moyo kabla ya kuja. Akija ataikalia mwenyewe, hata kama ni kuiwasha tu na kuizima. Ndipo nilipoelewa kwamba mama naye ameshaingia katika uongo wangu, na kwamba ameingia kwa sababu aliuhitaji kuliko mimi.

Kaka akataka video. Alisema anataka kuiona ikifanya kazi, na mimi sikuwa na uwanja wa kumwonyesha. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najificha uso hata nikiwa peke yangu. Niliendesha mashine ile barabarani hadi shule ya msingi iliyo karibu, nikamwomba mlinzi ruhusa, nikamshikisha simu, nikakata nyasi za uwanja wa mpira. Ilikwenda vizuri ajabu. Ilikata mistari mipana iliyonyooka, harufu ya nyasi ikajaa, na kwa muda mfupi nilielewa kwa nini kaka anaipenda saa yake ya Jumamosi. Nilimtumia. Akatazama, akasema boma limependeza, kisha akauliza ule mlingoti wa pembeni ni wa nini.

"Wa kuanikia nguo," nikamjibu.

Wanafunzi wangu huniandikia kila mwaka kwamba njia ya mwongo ni fupi, nami huwapa alama. Yangu haikuwa fupi. Ilikwenda Marekani na kurudi, na kila iliporudi ilikuwa imebeba kitu. Safari hii ilibeba utulivu. Kwa kuwa boma lilikuwa zuri na mama alikuwa na afya, kaka hakuona haraka. Alisema atapanga vizuri, aje kwa mwezi mzima, labda mwaka unaofuata.

Mama aliingoja safari hiyo kwa kitambaa. Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama, akishamaliza kuosha vyombo na kuandaa nguo za kanisani, alikwenda nyuma ya jiko, akainua turubai na kufuta vumbi kwenye kiti cha mashine. Kuku walikuwa wameshaanza kutaga chini yake. Siku moja nilikaa juu ya kile kiti ili nifunge kamba ya viatu, akaniambia niondoke. "Kiti hicho kina mwenyewe," alisema. Nilikuwa na umri wa kuwa babu, nikaondoka kama mtoto.

Mvua za masika zilipoanza miguu yake ilivimba. Daktari mjini Kisii alibadilisha dawa, kisha akazibadilisha tena, na kila mara tuliporudi nyumbani aliteremka kutoka barabarani akipumzika mara nyingi zaidi. Mara ya mwisho alipumzika kwenye chai yangu, ile chai ya juu, akashika kichaka kimoja ili asianguke. Akanitazama. Nilijua anachotaka kusema.

"Omwana one," akasema, mwanangu, "mwambie kabla hajafika. Asije akajionea mwenyewe."

Nikaahidi. Nilikuwa na simu mfukoni na mtandao ulikuwepo. Nilijiambia kwamba nitamwambia Jumapili, tukizungumza kwa utulivu, na Jumapili alipopiga mama alikuwa amelazwa na hapakuwa na nafasi ya habari za chai. Alhamisi akafariki. Nilikuwa nimetoka nje kumnunulia uji.

Kaka alifika baada ya siku tisa. Nilimpokea mjini, mnene kidogo, mvi zimemwingia, akiwa na koti lisilofaa mvua zetu. Gari lilipofika kwetu aliuliza kwa nini tunasimama, na dereva akamwambia ndiyo hapa. Alishuka akasimama barabarani akitazama pale juu, akitafuta nyasi. Halafu watu wakamzunguka kwa kilio, nikapata nafuu, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba watu wanalia na hawezi kuniuliza.

Mahema ya waombolezaji hayakutosha bomani. Moja lilibidi lifungwe kwenye barabara. Kaburi lilichimbwa upande wa kushoto, pahali ambapo nilipitisha kamba yangu yenye mafundo, na vijana walipotupa udongo ulifunika nyasi zote hadi karibu na mlango. Tuliimba, wazee wa kanisa wakasema maneno mazuri, tukamzika. Kaka alitupa udongo wake na kurudi nyuma hatua tatu, na hatua ya nne ingemgonga kwenye ukuta wa jiko.

Kesho yake asubuhi nilimkuta anatembea. Alikuwa anapima kwa miguu, kisigino kwa kidole, kama tulivyopima goli utotoni. Alitoka kwenye kaburi la baba hadi la mama. Alitoka langoni hadi jikoni. Akainua turubai, akatazama mashine, akaweka mkono juu ya kiti kilichong'aa kuliko kitu chochote bomani, lakini hakukaa. Kisha akapanda hadi kule juu, nami nikamfuata kwa mbali kama mtu anayeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Alisimama katikati ya chai. Akachuma majani mawili na chipukizi, akayasugua mikononi.

"Ni chai nzuri," akasema.

Nilianza kueleza. Nilisema mahindi yalikuwa ya msimu mmoja, nepia ilikuwa ya ng'ombe, na maneno yale yote ambayo nilikuwa nimeyapanga kwa miaka yalinitoka yamekauka. Aliningoja nimalize. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo, kwa sababu hasira ningeijibu.

"Ndogo ningeitia kwenye kontena na bado ningekuja Desemba ile," akasema. "Hii kubwa ndiyo iliyokula likizo yangu. Nilifanya kazi Krismasi yote ili niilipie. Ungesema tu ni padogo."

Nilimwambia kwamba nitang'oa chai, aje ajenge, na nilikuwa nasema kweli, labda kwa mara ya kwanza. Alitikisa kichwa.

"Ichume tu," akasema. "Nani atakuja kunitembelea nikijenga?"

Aliondoka baada ya siku nne. Tangu hapo hupiga simu mara mojamoja, tunaulizana afya na kuagana. Mtu mmoja kutoka Nyaramba aliwahi kuja kuitazama mashine akitaka kuinunua, akapima upana wake kwa fimbo, akaniuliza kwa upole ni nani aliyetuchagulia. Nilimwambia ni mimi. Hakurudi.

Bado iko nyuma ya jiko, na kuku bado wanataga humo. Nyasi nazikata kwa slasha Ijumaa alasiri, kabla ya jua kuzama, kwanza upande wa baba halafu upande wa mama. Boma zima halinichukui hata nusu saa.